Mkono Usiostaafu

Kiriri ni mtaa wa kimya. Umekaa mlimani, upande wa mashariki wa Bujumbura, na popote ambapo ukuta wa mtu haukuzibi macho unaliona Ziwa Tanganyika limetandikwa chini yako kama mkeka, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore liko huku huku juu, Vugizo. Majirani ni mabalozi, maofisa, na waliowahi kuwa maofisa. Ngoma haizaliwi Kiriri. Huzaliwa bondeni, Buyenzi na Bwiza na Nyakabiga, nasi wa juu tunaiazima ikifika siku ya harusi.

Jioni moja nilikuwa napanda kwa miguu, maana tangu mafuta yaadimike mjini wengi wetu tumerudia usafiri tuliozaliwa nao. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja amebeba gitaa ndani ya gunia la mchele lililoshonwa kwa uangalifu, na kila akipanda hatua mia alisimama, akajifanya anatazama ziwa. Nilimwamkia, nikaomba nimpokee. Akanipa mfuko wa viatu. Gitaa alibaki nalo mwenyewe.

Kumbe tulikuwa tunakwenda harusi moja. Mzee alipewa saa ambayo wakongwe wote wa muziki wanaifahamu: ile saa wageni wanapotafuta viti, watoto wanakimbizana, na fundi mitambo anajaribu vipaza sauti kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Akapiga rumba kwa dakika arobaini bila kuinua uso. Kisha kijana mwenye kompyuta akashika usukani, mzee akaenda kula sahani yake nyuma ya nyumba.

Sikuondoka na huruma pale. Niliondoka na picha ya mkono wake wa kushoto. Ulitembea juu ya shingo ya gitaa bila papara, ukifika kwenye kila sauti kabla haijaitwa, kama mwenyeji anayemngojea mgeni mlangoni. Kipaji peke yake hakimpi mtu mkono wa namna hiyo. Ule ni mkono ambao haujakaa mwezi mzima bila kazi tangu ujana wa mwenyewe, na huenda hakuna aliyewahi kuupigia makofi ya kusimama.

Nikarudi nyumbani, nikamsikiliza Bi Kidude mpaka usiku mkubwa.

Huyu ndiye anayetajwa kwanza sisi wenye Kiswahili tunapozungumzia mwanamuziki aliyepata jina uzeeni. Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, binti wa muuza nazi. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Waliomkadiria walisema alikaribia miaka mia, wengine wakasema aliivuka. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, lile soko kubwa la muziki wa dunia ambalo mwaka huo lilifanyika Newcastle, Uingereza. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya maisha yake. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, likamfanya kama bibi wa nyumba. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na Rais wa Tanzania akaenda kumzika.

Ukiyasoma haya kwa haraka utadhani ni mtu aliyekaa gizani miaka themanini, kisha taa ikawashwa. Magazeti ya Ulaya yalipenda kuisimulia hivyo. Lakini muulize mwanamke yeyote wa Unguja aliyechezwa unyago kwa mkono wake kama alikuwa anamngoja mtu wa Newcastle amjulishe Bi Kidude ni nani. Huko uani, penye wari na makungwi, alikuwa na jina miaka mingi kabla ya tuzo. Tunaposema alipata umaarufu akiwa amechelewa, tunaisoma saa ya wanunuzi wa tiketi. Wengine walikuwa na saa yao, nayo haikuwa nyuma hata kidogo.

Ila mimi sitaki kubaki kwenye umaarufu. Nataka kuusifu ufundi, maana ufundi ndio uliovuka miaka hiyo yote, na unyago ndio uliouvusha.

Ifikirie kazi yenyewe. Msondo ni ngoma ndefu. Bi Kidude aliufunga kiunoni kwa kanga, akaupanda kama anayepanda farasi, akaupiga kwa viganja huku akiimba. Kabla ya hapo ngozi imepashwa moto ili ikaze; ikilegea katikati ya shughuli, shughuli nayo inalegea. Hakuna kipaza sauti. Kuna wanawake tele, vigelegele, makofi, na mwari aliyeshikwa na aibu. Maneno yanayoimbwa ni mafunzo, kwa hiyo lazima yasikike neno kwa neno, na mwimbaji hawezi kukabidhi ngoma kwa mwingine apumzike, kwa sababu ni yeye anayejua somo limefika wapi na lini mkono uharakishe. Shughuli yaweza kukesha. Mtu anayefanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka hujifunza mambo ambayo hakuna chuo cha muziki kinachoyafundisha: kupumua pale ambapo ngoma inasema, kuweka sauti mahali ambapo kelele haipo, kutotumia mapema nguvu za kazi ya alfajiri.

Sasa sikiliza alivyoimba taarab. Taarab ya mjini Unguja, ile ya kina Ikhwani Safaa waliounda chama chao mwaka 1905, ni muziki wa fidla, kanuni na udi. Vyombo vinamtandikia mwimbaji zulia, naye anakuja taratibu juu yake, amejipamba. Bi Kidude hakuingia hivyo. Aliingia kama mtu anayetoka jikoni ana jambo la kusema. Sauti kavu, nzito, ya kifuani, iliyokwaruzika. Alianza mstari baada ya pigo lililotarajiwa, akaukata kabla haujaisha, akavuta pumzi mahali ambapo mwimbaji mwenye adabu za orkestra asingethubutu, na fidla zikabaki zinamngoja. Wapo wanaosema ile ni kazi ya uzee na sigara. Sigara alivuta, sikatai. Lakini ukimsikiliza huku umekumbuka msondo utasikia kitu kingine: anaimba kana kwamba mikono yake ingali inapiga. Zile pumzi za ghafla ni nafasi za ngoma. Pale ambapo wengine wanapunguza mapambo kwa sababu koo limechoka, yeye hakuwa na mapambo ya kupunguza. Sauti yake ilijengwa tangu mwanzo kwa vitu ambavyo miaka haiwezi kuviiba: muda, matamshi, na ujasiri wa kunyamaza.

Ndiyo maana namwona ni fundi kwanza, maajabu baadaye. Mabango ya matamasha yaliuza umri wake kuliko sauti yake. Watu walilipa kuona ajuza wa karibu miaka mia anapiga ngoma, kama wanavyolipa kuona kobe mkubwa kule Kisiwa cha Changuu. Sidhani alijali sana, kwa jinsi alivyocheka jukwaani. Mimi nilijali kwa niaba yake.

Naye alikuwa na aliyemtangulia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akauza vyungu, akahamia mjini, akajifunza kuimba na kusoma Kurani. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, za kwanza kabisa kwa mwanamke wa Afrika Mashariki, alikuwa anakaribia miaka hamsini. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na kila ninapousoma nashangaa jinsi sisi wasomaji tunavyouruka umri huo. Hamsini, kwa mwanamke wa Unguja wa zama zile, ni bibi wa wajukuu. Nyimbo zake, kama Muhogo wa Jang'ombe na Kijiti, ndizo Bi Kidude alizozibeba mpaka karne hii. Kwa hiyo hata kile kilichofika Newcastle mwaka 2005 kilikuwa kimeanza na mwanamke mwingine aliyefika jukwaani nywele zimeshaanza kubadilika.

Kuna jambo linalonisumbua, na nadhani ndilo kiini cha maneno yangu. Bi Kidude alikuwa na ngoma yake. Namaanisha ilikuwa mali yake. Nyumba ikivuja, mume akiondoka, serikali ikibadilika, ngoma ilibaki pembeni mwa kitanda. Wanamuziki wa dansi hawakuwa na bahati hiyo. Tazama Dar es Salaam baada ya uhuru: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingine zikawa za jeshi, za polisi, za mashirika. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alikuwa na mshahara wa mwezi, na hilo ni jambo zuri ambalo vijana wa leo wangelionea wivu. Lakini gitaa lilikuwa la ofisi, saksafoni ya ofisi, ngoma za ofisi. Siku ya kuondoka aliacha vyote mlangoni, akatoka na vidole vyake kumi. Vidole bila nyuzi husahau.

Kwa hiyo mwaka 1993 baadhi ya wakongwe hao walipokusanywa Dar es Salaam kwa msaada wa HelpAge, shirika la kuwasaidia wazee, wakaunda Shikamoo Jazz, hawakuhitaji mafunzo. Walihitaji vyombo. Wakapewa vyombo, wakapiga. Mwaka 1995 wakapiga Uingereza. Jina la bendi ni utani mzuri, maana yake hata kabla hawajapiga noti moja umeshawapa heshima yao. Mimi nasikia pia uchungu ndani yake. Wanaume waliowachezesha Watanzania enzi za Mwalimu Nyerere walirudi jukwaani kwa mlango wa shirika la wazee, kana kwamba rumba ni ugonjwa wa uzeeni unaohitaji mfadhili.

Na hao ni waliobahatika kuzeeka. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa mwaka 1965, bado kijana. Mbaraka Mwinshehe alikufa Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari, hajafika miaka thelathini na tano. Huku kwetu Burundi sihitaji kuhesabu. Kila mtaa una bendi ambayo mpiga besi wake alitoweka mwaka 1972 au 1993, miaka ya mauaji. Waliobaki waliutafuta umri wao ugenini. Kidum aliyashika madramu tangu utotoni Bujumbura, akakimbilia Nairobi miaka ya vita, na albamu yake ya kwanza, Yaramenje, ikatoka mwaka 2001. Khadja Nin, Mrundi anayeimba Kiswahili, alivuma Ulaya na Sambolera mwaka 1996 akiwa ameshapita miaka thelathini na mitano, umri ambao makampuni ya muziki huwa yamekwisha kumfungia msichana mlango. Hawa si wazee. Lakini katika nchi ambayo maisha ya mtu hukatwa vipande na vita, kuanza upya ukiwa na miaka ishirini na saba ni kuchelewa pia.

Najua atakayenipinga atanitajia Wendo Kolosoy. Wendo wa Kongo, aliyetikisa mto mzima kwa Marie-Louise mwaka 1948, aliacha muziki miaka ya sitini, akakaa miongo, kisha miaka ya tisini akarudi na bendi yake ya wazee na albamu zikatoka tena, mpaka alipofariki mwaka 2008. Nadharia yangu ya mkono usiostaafu iko wapi hapo? Nakiri inayumba. Nitasema tu kwamba kuacha jukwaa si kuacha kuimba, na siamini kuna Mkongo anayeweza kukaa miaka thelathini bila kuimba hata bafuni. Atanitajia pia Ibrahim Ferrer wa Kuba, aliyekuwa anang'arisha viatu Havana walipokwenda kumwita studio mwaka 1996. Mwaka 2000 akapewa Grammy ya Kilatini ya msanii bora mpya. Mpya, na miaka sabini na mitatu! Sijui kama waliompa walicheka.

Nirudi mlimani kwetu, maana hadithi hii ina sura ya Kirundi ambayo hatuisimulii vizuri.

Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia. Ngoma kubwa za Burundi huchongwa kwenye mti unaoitwa umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti, na wapigaji huingia uwanjani wamezibeba kichwani huku wakipiga. Katikati hukaa inkiranya, inayotoa mwendo, na wengine huizunguka nusu duara. Ilikuwa kazi ya koo maalumu, iliyorithiwa baba kwa mwana, kwa ajili ya mwami, yaani mfalme. Novemba 1966 ufalme ukafutwa. Ngoma zikabaki, ufalme haupo. Neno moja likapoteza maana yake moja.

Na hapo ndipo umaarufu ulipozikuta, zikiwa nzee na bila mwajiri. Wafaransa walizirekodi miaka hiyo ya sitini. Mwaka 1971 rekodi ile ikaongezwa vyombo vya kizungu na kuuzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell akaiweka chini ya wimbo wake. Mwanzoni mwa miaka ya themanini vijana wa London waliovaa kama maharamia walijenga bendi zao juu ya mapigo hayo hayo. Wakati huo wote wazee wa Gishora, karibu na Gitega, walikuwa wakiendelea kufundisha watoto wao jinsi ya kubeba ngoma kichwani bila kupoteza mwendo. Mwaka 2014 UNESCO ikaiweka ngoma ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kama kuna chama cha wanamuziki waliopata jina uzeeni, mwenyekiti wake ni ngoma yetu.

Kisha Oktoba 2017 likatoka agizo la rais kuhusu ngoma hiyo. Kupiga nje ya sherehe rasmi kukahitaji kibali cha wizara. Na wanawake wakakatazwa kuipiga, wakaachiwa kucheza. Wakati huo vikundi vya wasichana vilikuwa vimeshaanza kuibeba. Waliolitetea agizo walisema ni mila, na sina ugomvi na mila. Mlinzi wa mila ndiye aliyenihifadhia vitu ninavyovisifu hapa. Lakini usiku ule, nikiwa nyumbani Kiriri, nikimsikiliza mwanamke aliyeufunga msondo kiunoni kwa kanga akaupiga maisha yake yote, nilijiuliza kama angezaliwa kwenye kilima cha Gitega badala ya Mfagimaringo tungemjua kwa jina gani. Tungemjua kama bibi mmoja anayecheza vizuri, basi. Ngoma na msondo si chombo kimoja wala si ibada moja, naelewa. Mkono wa mwanamke hata hivyo ni mkono, na ukizuiwa ukiwa na miaka kumi na miwili hauwezi kuwa mkono wa Bi Kidude ukifika tisini. Agizo lile ni kosa. Sioni namna ya kulisema kwa upole zaidi.

Ajabu ni kwamba uani kwa Bi Kidude wanaume ndio waliokatazwa. Unyago ni siri ya wanawake, na wengine walimlaumu kwa kuitoa siri hiyo jukwaani mbele ya Wazungu. Lawama hiyo siipuuzi. Alichotoa lakini kilikuwa mapigo na baadhi ya nyimbo. Somo lenyewe, analonong'onezwa mwari, hakulipeleka Newcastle. Fundi anajua kipi ni cha dukani na kipi ni cha ndani.

Yule mzee wa gitaa nilikutana naye tena, safari hii mjini, karibu na lilipokuwa soko kuu lililoungua mwaka 2013. Alikuwa na gunia lake lile lile begani. Nikamuuliza kama bado anapiga kila wiki. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama bado anakula.

Basi, ndugu msomaji, uwe Kiriri, Buyenzi, Kariakoo au Mombasa, yupo wako. Unamjua, umepishana naye njiani amebeba chombo kilichofunikwa kitambaa. Harusi ikija usimpe saa ya kutafutia viti. Mpe saa mbili za usiku, watu wameshakaa, na umlipe kabla hajafungua gunia.